Kizunguzungu cha baada ya ajali kilivyonitoka

Nachukia sana nikisikia mtu kaanguka na bodaboda, kichwa kimegonga lami, alafu wanamwambia lala tu kitaisha chenyewe. Mimi nililala. Wiki saba pazia limefungwa na kizunguzungu ndo kwanza kinaongezeka.

Ajali ilikua Mbagala, helmeti nilivaa ila mkanda sikufunga. Siti skani, ile picha ya ndani ya kichwa, ikatoka safi, hakuna damu ndani, wakasema ni mtikisiko wa ubongo wakanipa vidonge vya kizunguzungu. Siku mbili tatu za mwanzo kupumzika ni sawa kabisa, shida hakuna aliyeniambia nianze kuamka lini, na vile vidonge nimemeza zaidi ya mwezi kumbe ni vya siku chache, ukivizidisha vinausinziza ubongo unachelewa kujizoesha. Mama mkwe akasema ni damu imepungua, nikala maini kila siku. Jirani akasema nimetupiwa kitu.

Sasa mimi ni fundi cherehani. Nikiinama kutunga uzi kwenye sindano chumba chote kinaondoka. Usiku nikigeukia ubavu wa kulia dari linazunguka kama sekunde ishirini alafu linatulia. Nawe kama chako kinakuja hivyo, kwa sekunde, ukigeuka tu, mwambie anayekutibu, usiishie kusema "nasikia kizunguzungu".

Mdogo wangu akaniletea video ya ule mtindo wa Epley, daktari wa Marekani, wa kulala na kugeuza kichwa kwa hatua. Nikasema dawa si hii hapa! Nikaweka mto chini ya mabega, nikageuza kichwa kushoto maana wa kwenye video aligeuza kushoto, nikahesabu mpaka sitini, kimya, nikafurahi kabisa. Nikageukia kulia sasa. Jamani. Kitanda kilipinduka, nimeng'ang'ania chaga kwa mikono miwili na bado najiona naanguka, nikatapikia kitenge cha mteja kilichokua kimekunjwa pembeni, cha sendofu, ikabidi nimnunulie kingine. Na nikarudia usiku tatu mfululizo kwa ubishi, vilevile, kushoto kwanza.

Nilipompata mtu wa fiziotherapia aliyesomea mambo haya (nililipa kama elfu thelathini, siku nyingine pungufu), kwanza akapima shingo, alafu akanilaza haraka kichwa kimeelekea kulia. "Dada usifumbe macho, niangalie puani." Macho yakaanza kucheza yenyewe. Akasema sikio lako bovu ni la kulia, wewe ulikua unatibu zima. Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo mno vya chokaa, kichwa kikigongwa vinang'oka vinaingia kwenye mfereji ambao si mahali pake. Akanizungusha upya kuanzia kulia, taratibu, kila mkao anangoja kitulie, mara mbili. Usiku ule nikageukia kulia, dari likabaki palepale. Nililia.

Ila nikitembea bado nilijiona niko kwenye mtumbwi. Vijiwe vimerudi kwao, macho na kichwa bado havielewani, na hapo hamna wa kukulaza, ni mazoezi yako mwenyewe. Unakodolea herufi moja ukutani huku unatikisa kichwa kushoto kulia, dakika moja, mara tatu nne kwa siku. Nikatundika futi yangu ya kupimia nguo ukutani, usawa wa macho, nikachagua namba 8. Siku ya kwanza nimetikisa mara tisa tu, ile 8 ikagawanyika ikawa mbili. Nikachukua chaki ya kukatia nikaandika 9 ukutani. Kesho yake 11. Siku niliyolazimisha 30 nililala mchana kutwa, kesho nikarudi kutikisa mara 8. Ndo nikaelewa: kizunguzungu lazima kije kidogo, lakini kitulie ndani ya dakika chache, kikikaa sana umezidisha. Yule mtaalamu alipoona picha ya ukuta wangu akaomba abaki nayo.

Aliniambia hata si mambo mapya, madaktari wawili, Cawthorne na Cooksey, waliwapa mazoezi ya namna hii askari walioumia vichwa Uingereza miaka ya 1940, wakaona wanaochangamka wanapona haraka kuliko wanaolala.

Kuna na zoezi la kusimama juu ya godoro macho yamefumbwa, hilo fanya ukiwa na mtu karibu. Na kichwa kikizidi kuuma, unatapika tapika au mkono unalegea, hayo si ya mazoezi, kimbia hospitali.

Kilichonisumbua mwisho ni maduka ya vitambaa Kariakoo, yale marobota ya mistari yalikua yanatembea. Nikawa naenda dakika tano, natoka, narudi. Wiki iliyopita nimemaliza sare za kwaya, mistari myeusi na myeupe, magauni kumi na mbili, na uzi nimetunga mwenyewe nimeinama.