Nyuma ya kitambulisho

Mama alipofariki mwaka jana, kamati ya matanga ilikaa sebuleni kwetu Kaloleni jioni tatu mfululizo. Swali lilikuwa moja: anazikwa wapi? Nikasema Lang'ata, makaburi ya jiji. Kimya. Mzee mmoja wa kanisani akainamia kikombe chake cha chai, akauliza kwa sauti ya mtu anayedai deni dogo, "Kwani hana kwao?"

Hapa Nairobi unaweza kuishi miaka 60, lakini ukifa unatarajiwa kwenda. Basi linakodishwa, watu wanachanga, unapelekwa ushago, kijijini kwenu. Kuzikwa Lang'ata wengi wanakuona kama umekosa mtu wa kukupeleka. Mama alizaliwa mjini. Mimi nilizaliwa mjini, hospitali ya Pumwani, kama nusu ya watu wa Eastlands. Nikiulizwa kwetu ni wapi nasema Kaloleni, na watu hucheka. "Hapana, nyumbani nyumbani."

Tulimzika Lang'ata. Lakini lile swali lilirudi nami nyumbani.

Baba aliondoka nikiwa na miaka 3. Alituachia jina lake na redio mbovu. Nilipofika 18 nikaenda kwa chifu kuomba kipande (bado tunakiita hivyo, kama kile walichovalishwa babu zetu shingoni enzi za mkoloni), nikaambiwa nitaje kwao baba. Mama akakumbuka kwa shida, karani akaandika. Ndiyo maana nyuma ya kitambulisho changu, penye wilaya, tarafa, lokesheni na sub-lokesheni, pameandikwa Taita Taveta, Wundanyi. Miaka 16 nimetembea na mahali hapo kwenye pochi. Sikuwa nimewahi kupaona.

Mwezi wa nane nikatia petroli kwenye Vitz, nikaondoka peke yangu saa kumi na moja alfajiri. Rafiki zangu walitaka tuende wote, tuifanye safari ya kujivinjari. Nikakataa. Kama ningefika nikose mtu, sikutaka shahidi.

Barabara ya Mombasa haina huruma kwa gari dogo. Kuanzia Kyumvi hadi Sultan Hamud nilikuwa nyuma ya trela, nikichungulia kulia, nikirudi. Nilipofika Makindu mikono ilikuwa inatetemeka. Nikaingia kwenye hekalu la Masingasinga, lile lililojengwa 1926, mwaka uleule ilipoanzishwa hospitali ya Pumwani, jambo ambalo halina maana yoyote ila mimi hupenda kuokota vitu kama hivyo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unapewa chapati, dengu na chai, bila malipo. Msafiri yeyote. Hakuna aliyeniuliza kwetu ni wapi. Niliongezewa dengu mara mbili.

Baada ya Mtito Andei mbuga iko kulia na kushoto, mibuyu imesimama bila majani, udongo mwekundu hadi kwenye meno. Voi nilikunywa maji tu. Kutoka Mwatate barabara inaanza kupanda na kujikunja, na hapo nikaijua Vitz vizuri. Nikazima AC, nikavuta gia hadi L, nikaanza kuisemesha kama punda. Boda boda iliyobeba watu watatu na gunia ikanipita. Kadiri nilivyopanda, joto la Voi lilibaki chini, ukungu ukaanza, na ghafla nikahitaji sweta ambayo sikuibeba.

Sokoni Wundanyi nilimwendea mama mmoja muuza viazi, nikasema "habari yako", nikajikumbuka, nikasema "shikamoo". Nikamtajia jina la baba. Hakunijibu. Alinitazama paji la uso, kisha akatoa simu.

Aliyekuja kunichukua ni binamu yake baba, kwa hiyo ni shangazi, mwanamke mfupi mwenye gumboti na leso mbili, na mwendo ambao sikuuweza. Njia nzima alizungumza Kidawida, lugha ya Wataita, nami nikitikisa kichwa mahali nilipoona panafaa. Tulipofika alinikalisha, akanipa kimanga, chakula cha kupondwa cha Kitaita, kwenye sahani ya bati, akasubiri nimeze mara ya kwanza. Kisha akahamia Kiswahili.

"Haya. Yuko wapi?"

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Baba yako. Si umeleta habari zake? Hajafika hapa tangu 1994."

Sijui ni nini nilichotarajia njiani, ila si hilo. Nilikuwa nimeendesha gari siku nzima nikidhani kuna mahali ambapo baba alienda alipotuacha, na kwamba mahali hapo pameandikwa kwenye kitambulisho changu. Nikamwambia sijui. Akasema "aa", akaniongezea kimanga.

Asubuhi alinionyesha mwamba upande wa pili wa bonde. Zamani, alisema, mtu akishazikwa, baada ya muda fuvu lake hufukuliwa na kuwekwa pangoni pamoja na ya wenzake. Nikamweleza kuhusu Lang'ata. Nilijiandaa kwa lile swali la mzee wa kanisani. Akauliza tu kama makaburi yanafyekwa, na ni nani anayefyeka. Nikamwambia namlipa kijana mmoja. Akasema nimwangalie, vijana hukata maua pamoja na majani.

Majirani walikuja mmoja mmoja kuniona. Kila mmoja aliuliza nimetoka wapi, nami kila mara nikajibu Nairobi. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyesema nyumbani nyumbani. "Ni wa Nairobi," shangazi aliwaelezea, kama mtu anavyosema huyu ni wa Voi, huyu ni wa Mwatate, na mazungumzo yakaendelea kuhusu bei ya viazi.

Nilishuka na maparachichi gunia zima, ambayo yaliiva yote siku moja, nikayagawa hadi kwa mlinzi. Namba yake nimeihifadhi "Shangazi Wundanyi". Yeye alinionyesha alivyohifadhi yangu: "Nairobi". Hupiga Jumapili, baada ya kanisa. Huanza na mvua. Halafu huuliza kama makaburi yamefyekwa.