Nilivyojenga kompyuta ya studio hapa Tabora, nikaanza na pawa saplai

Nilikuwa naediti video za harusi na kwaya kwa desktopu ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha nne yenye ramu GB 8, imenilisha miaka mitatu kwa hiyo siisemi vibaya. Ila wateja walipoanza kutaka 4K ikazidiwa, naweka video irenda, yaani mashine itengeneze faili la mwisho, saa mbili usiku naenda kulala, saa nane umeme unayumba mashine inajizima, asubuhi naanza upya. Kuna mama mmoja wa Isevya alikuja mara tatu kufuata video ya sendofu ya binti yake, ile mara ya tatu hata hakugomba, alikaa kwenye benchi akaniambia, "Mwanangu, wageni wa Mwanza wanaondoka kesho na hawajaiona." Siku ile ile nikaanza kuhesabu hela.

Nilikuwa na milioni moja na laki tatu. Nikampigia mdogo wangu yuko Dar, nikamwambia utanizungukia Kariakoo, swali lake la kwanza likawa, "Kaka, unataka prosesa gani?", yaani ule ubongo wa kompyuta. Nikamwambia tulia kwanza, tunaanza na pawa saplai, kile kiboksi cha ndani kinachopokea umeme na kuugawia mashine nzima. Akashangaa, na kila niliyemwambia alishangaa, lakini mimi ndo nakaa huku, jioni watu wakiwasha majiko na pasi taa zangu zinakuwa nyekundu kabisa, na kompyuta inakula umeme huo huo.

Sasa hapa naomba usome taratibu maana ndipo watu wengi wanapoibiwa. Usisome namba kubwa iliyochapwa juu ya boksi, geuza pawa saplai usome ile lebo ya ubavuni. Tafuta mstari wa volti 12 uone ampea ngapi, zidisha kwa 12. Mdogo wangu alinitumia picha ya moja ya bei poa imeandikwa wati 500, kwenye lebo volti 12 ina ampea 18, zidisha unapata wati 216, na prosesa na kadi ya grafiki, ile ya kutengeneza picha za skrini, zote zinakula kwenye huo mstari, hizo 500 zinatoka wapi? Halafu angalia umeme unaoingia, zingine zimeandikwa 200-240V na zingine 100-240V. Kwa mtu wa Tabora chukua hiyo ya 100-240V, umeme ukishuka mpaka 170 yenyewe inaendelea na kazi wakati mwenzake anazima. Nikachukua ya wati 550, yenye alama ya 80 Plus Bronze, maana yake haipotezi umeme mwingi, volti 12 ina ampea 45. Ilikula hela nyingi kuliko nilivyopanga na sijutii hata shilingi.

Prosesa ikaja kuwa rahisi kuchagua kwa sababu kadi ya grafiki hela yake haikuwepo. Nikataka Ryzen 5 5600G, kora 6 na nyuzi 12, imeandikwa wati 65 tu, na grafiki imo humo humo ndani. Hiyo herufi G mwishoni ishike sana, maana kuna 5600 isiyo na G, bei zilikuwa zinakaribiana, ukiichukua bila kuwa na kadi ya grafiki, skrini haionyeshi kitu. Nilimwandikia mdogo wangu kwa meseji G kubwa mara mbili. Feni inakuja ndani ya boksi na ile gundi ya joto imeshapakwa.

Kwenye mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vitu vyote, ndipo nilipoumia. Nilichukua yenye chipseti ya B450 kwa sababu ilikuwa nafuu kuliko B550, muuzaji akasema inaingiliana na hiyo prosesa, na kweli soketi, yaani pale prosesa inapokaa, ni moja, AM4. Mzigo ukapakiwa kwenye basi alfajiri, Morogoro, Dodoma, Manyoni, Itigi, usiku nikaupokea stendi. Nikafunga kila kitu kwa uangalifu, kapembe ka dhahabu ka kwenye prosesa nikakalinganisha na alama ya kwenye soketi, pini za AM4 ziko kwenye prosesa yenyewe kwa hiyo hailazimishwi, unaiachia inazama yenyewe ndo unashusha mkono wa chuma. Nikawasha. Feni zinazunguka, taa inawaka, skrini nyeusi. Nikabadilisha kebo, nikatoa ramu moja, nikarudisha, bado nyeusi. Nilikaa pale mpaka saa saba usiku na moyo unauma kweli, maana kurudisha kitu Dar sio kuvuka barabara, ni siku nyingine na nauli nyingine ya mzigo.

Asubuhi ndo nikaelewa. B450 zilitoka 2018, prosesa yangu ni ya 2021, ile bodi ilikaa dukani muda mrefu na bayosi yake ya zamani, ile programu ya ndani ya bodi inayoiwasha mashine, haiijui hii prosesa. Bahati nzuri yangu ilikuwa na kitufe nyuma cha kufleshi bayosi bila prosesa kufanya kazi. Nikadownload faili jipya kwa simu, nikaliweka kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, nikalibadilisha jina kama kitabu chake kinavyoelekeza, nikabonyeza, kataa kadogo ka pembeni yake kakaanza kumeta. Zile dakika nilisimama mlangoni nikiomba umeme usikatike, ukikatika katikati hapo unaweza kuiua bodi. Haukukatika. Skrini ikaja. Kwa hiyo ukinunua bodi ya zamani muulize muuzaji bayosi ni toleo gani na aiwashe mbele ya macho yako, au ya mtu wako.

Ramu chukua mbili za GB 8 usichukue moja ya 16, grafiki ya ndani inakopa ramu na zikiwa mbili njia inakuwa pana, tofauti unaiona kwa macho. Zichomeke nafasi ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Yangu ya 3200 ilikuwa inasoma 2400 mpaka nilipoingia bayosi nikawasha XMP, mpangilio unaoiruhusu ramu ikimbie kwa spidi yake iliyoandikwa. Diski ya kazi ni SSD ya NVMe, aina ya haraka inayochomekwa moja kwa moja kwenye bodi, ya GB 500, ile hadidiski ya zamani imebaki ya kutunzia video zilizoisha. Keisi nilichagua yenye chujio la vumbi la kuvuta, mwezi wa tisa huku vumbi halina huruma, nalisafisha kila Jumapili.

UPS ya VA 650, kile kiboksi chenye betri ya kushikilia umeme ukikatika, nayo ipo, inanipa dakika za kusevu na kuzima vizuri.

Nafasi ya kadi ya grafiki bado iko wazi. Pawa saplai ina waya wa pini 8 unaoisubiri, nimeufunga pembeni kwa rababendi.