Makasia Kumi na Matatu

Kitabu chenyewe kiliachwa na mgeni kwenye nyumba ya wageni ya Mji Mkongwe, Unguja, nilikokuwa nikitandika vitanda. Nilikuwa na miaka 19. Kilikuwa kitabu cha falsafa kwa picha, Kiingereza chepesi, wanafalsafa wote wamechorwa vichwa vikubwa kama maboga. Kingekuwa cha maneno matupu ningekipita. Kilichoninasa ni picha ya chombo.

Jioni nikenda nacho Jaws Corner. Mjomba wangu, fundi wa majahazi kule Nungwi, alikuwa kaja mjini kununua misumari, yupo barazani na kahawa yake. Nikamsimulia: Waathene walikitunza chombo cha shujaa wao Theseus, chombo cha makasia 30. Ubao ukioza wanautoa, wanatia mpya. Mpaka Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anaiandika habari ile, wanafalsafa walikwishagombana kitambo: hiki ndicho kile, au sicho?

"Na mkuku, uti wa mgongo wa chombo, wamebadilisha?"

"Tuseme vyote, mjomba."

"Basi sicho. Mbao na mataruma, zile mbavu zake, ni nguo tu, unavua unavaa. Ukitia mkuku mpya umeunda chombo kingine."

Baraza likachemka. Wacheza dhumna wakageuza viti. Karani mmoja mstaafu wa bandarini akasema chombo ni karatasi: namba ile ile, jina lile lile, mwenyewe yule yule, basi hata ukikiunda upya chote ni kile kile. Jirani yake akamwuliza, je, kwa meno yale ya kupachikwa, mkewe ana mume yule yule? Karani alicheka, lakini hakurudi nyuma hata kidogo.

Muuza kahawa muda wote alikuwa akisuuza vikombe. Akasema bila kuinua macho, "Na zile mbao mbovu mmezitupa wapi? Mtu akiziokota moja moja, akaziunga kama zilivyokuwa, naye ana chombo. Sasa cha Theseus kipi?"

Pakawa kimya. Nikafunua ukurasa wa pili. Kachorwa Thomas Hobbes, Mwingereza wa karne ya 17, na nyuma yake mtu anaburura mbao kuukuu. Swali lile lile! Picha ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa muuza kahawa. Akaitazama, akasema, "Kumbe na yeye," akaenda kuchochea makaa chini ya dele.

Hoja hiyo ya Hobbes nilikuja kuisoma miaka mingi baadaye, kwenye kitabu chake cha mwaka 1655, na sioni haya kusema kwamba picha ilinifaa zaidi.

Mjomba ndiye aliyebaki na kitabu. Alivaa miwani, akawa anahesabu kwa ncha ya msumari.

"Weye umesema makasia thelathini?"

"Ndiyo."

"Kumi na tano kila upande. Hapa kumi na matatu." Akahesabu tena. "Mchoraji huyu hajapanda chombo maisha yake. Na tanga limejaa huku, bendera inapepea kule."

Akakitia kwenye mfuko wa misumari, akaondoka nacho Nungwi.