Futi ya cherehani na mguu wa mdogo wangu

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa hospitali. Nalitanguliza hilo kwa sababu tangu habari ya mdogo wangu isambae, watu wananipigia simu kuniuliza mambo ya mifupa kana kwamba nimeyasomea. Nilichokuwa nacho mimi ni futi tu, ile ya kupimia viuno vya watu, na jioni ile ilikuwa shingoni kwa sababu nilitoka kibandani mbio sikukumbuka kuivua.

Ilikuwa Novemba, msimu umekolea, kijiji kizima kinanuka mabibo. Huku Tandahimba, mkoani Mtwara, bodaboda wakati wa korosho habebi abiria, anabeba magunia. Mdogo wangu alikuwa amepakia mawili anapeleka chama cha msingi cha ushirika, na nyuma kakaa kijana wa kuyashikilia. Kwenye mteremko wa mchanga pikipiki ikayumba, wakaenda chini. Magunia yakailalia pikipiki, pikipiki ikaulalia mguu wake wa kushoto, na chini ya mguu palikuwa na ukingo wa kalavati.

Yule kijana wa nyuma alipasuka kichwani. Damu ilimtapakaa usoni mpaka kwenye fulana, akina mama wanapiga kelele, kila mtu anamkimbilia yeye. Mdogo wangu alikaa pembeni kashika muundi, ngozi imechubuka kidogo tu, kama mtoto aliyejikwaa. Nakiri hata mimi nilimpita. Nilivua kanga nikamkandamiza yule kijana kichwani, nikabaki hapo hapo nikikandamiza hadi damu ikapungua. Alishonwa nyuzi tano, usiku akala ugali kwao. Aliyekuwa anapoteza mguu ni huyu asiye na damu.

Baba mkubwa alifika na uamuzi wake tayari. Kuna mzee anaunga mifupa kijiji cha pili, na baba mkubwa mwenyewe mkono wake uliungwa na mzee huyo miaka hiyo, hadi leo anapandia nao minazi. Mzee akaitwa. Akaushika mguu, akasema umevunjika lakini haukuhama, akauzungushia vipande vya mianzi, akakaza na matambara. Alikaza kweli. Mimi ninayevuta uzi kila siku niliona kitambaa kimezama kwenye nyama. Sikusema kitu. Utamwambia nini mtu mzima mbele ya baba mkubwa?

Saa moja kasoro tukawa kituo cha afya. Sikitaji, maana lawama za watu wawili si za jengo. Mhudumu tuliyemkuta alitazama, akasema mtu wa eksirei kaondoka, akaweka vidole juu ya wayo akasikia mshipa unadunda, akasema damu inafika, hakuna shida. Akamchoma sindano ya maumivu, akatuambia turudi asubuhi. Mguu ukanyanyuliwa juu ya mito miwili eti uvimbe ushuke.

Mdogo wangu si mtu wa kulialia. Aliwahi kung'olewa jino bila ganzi ya maana akacheka. Sasa alikuwa anauma ukingo wa shuka. Ile sindano ni kama alichomwa maji. Kila nikimgusa kidole gumba cha mguu, nikikiinua kidogo tu kuelekea juu, anapiga kelele, na maumivu hayapo kidoleni, yapo kwenye shavu la mguu. Ndipo nikafanya jambo ambalo wenzangu walinicheka. Nilipitisha futi kwenye shavu la mguu, pale mianzi inapoishia, nikapima. Sentimita 37. Mguu wa kulia, pale pale, 34 na nusu. Nikaandika kwa kalamu kwenye kiganja. Baada ya kama dakika arobaini nikapima tena: 38 na nusu. Nguo haiongezeki upana ikiwa mezani. Kitu kilikuwa kinaendelea humo ndani.

Nesi wa zamu ya usiku alikuwa binti mdogo, labda mwaka wake wa kwanza kazini. Alipoona kiganja changu hakucheka. Aliubonyeza mguu kwa dole gumba, akanishika mkono akanipeleka nao pale. Ulikuwa mgumu kama mti. Si uvimbe wa kubonyea, ni mti. Akamuuliza mdogo wangu kama anahisi anapomgusa katikati ya kidole gumba na kile cha pili. Hakuwa anahisi.

"Dada," akaniambia kwa sauti ya chini, "msisubiri asubuhi."

Akachukua mkasi akakata matambara yote mwenyewe. Baba mkubwa alitaka kuzuia, yeye akasema, "Baba shikamoo, nisamehe, hiki lazima kitoke," huku mkasi unaendelea. Akaondoa na mito: mguu wa namna hii, alisema, ukiunyanyua juu sana unauzidishia njaa ya damu, ulale usawa wa moyo. Akaweka ubao upande mmoja, akafunga kwa kulegeza, vidole viwili vikipita. Halafu akamkuta baba mkubwa kamletea mgonjwa supu, akaipokea kwa adabu akaiweka dirishani. Asile, asinywe, kwa kuwa huko aendako huenda akalazwa usingizi wa upasuaji.

Alinieleza hivi, na nitaeleza kwa lugha yangu. Misuli ya mguu imefungwa ndani ya mfuko usiovutika, kama bitana ya kitambaa kigumu. Mfupa ukivunjika, damu na maji vinajaa humo. Bitana haitanuki. Basi kinachobanwa ni misuli na mishipa ya fahamu yenyewe, inakosa damu, inaanza kufa, na saa sita hivi zikipita kuna sehemu hairudi tena. Mshipa mkubwa wa juu ya wayo unaweza kuendelea kudunda wakati huo wote, ndiyo maana yule wa mwanzo alidanganyika. Matambara ya mzee hayakuleta ugonjwa peke yake, ila yalikaza mfuko uliokuwa umeshajaa.

Dawa ni moja tu, kuufumua mfuko. Na pale hapakuwa na wa kuufumua.

Sasa ukaja ubishi wa wapi. Baba mkubwa akasema Ndanda, kwa sababu rika lake lote likivunjika linakwenda Ndanda kwa wamisionari, na hospitali ile ina jina lake kwa haki. Dereva wa Noah tuliyemwita akasema Newala, karibu. Nesi hakubishana na mtu. Alitoka nje penye mtandao akapiga simu Mtwara, nikamsikia anauliza maswali ambayo sikuwahi kujua kwamba yanaulizwa: daktari wa upasuaji wa mifupa yupo usiku huu au yupo kwa kuitwa? Chumba cha upasuaji kiko wazi? Wa usingizi yupo? Hakuuliza kama hospitali ni kubwa. Alipiga simu tatu. Ya tatu ndiyo iliyojibu ndiyo kwa yote, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, ile ya Mitengo. Akawatajia umri, saa ya ajali, kidole kisichohisi, na akawasomea vipimo vyangu kutoka kiganjani. Nilijisikia mkubwa kidogo, siwezi kudanganya.

Gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka mjamzito. Noah ilikuwa shilingi 150,000, na mwenye gari akakubali kungoja hela ya mnada wa korosho. Tuliondoka saa mbili na robo, mdogo wangu kalazwa kwenye viti vilivyokunjwa, mimi nimeushika ubao. Mpaka Mnivata wakati huo ilikuwa vumbi na makorongo, na pale kwenye kila shimo alilia kwa jina la mama yetu aliyefariki. Kuanzia Mnivata ni lami, kilomita 50 hadi mjini. Sijawahi kuipenda lami vile. Nikapima tena kwa mwanga wa simu: 39.

Tulipofika mjini dereva kwa mazoea akakunja kwenda Ligula, hospitali ya mkoa, maana ndiko alikowapeleka watu maisha yake yote. Nilimpigia kelele kama kichaa. Dakika zile kumi za kugeuza gari ndizo ninazoziota.

Mitengo tulifika saa nne na nusu wakawa wanatusubiri, na hapo sina hadithi ndefu. Hawakutuzuia kwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, walisema atibiwe kwanza, nami nikaifuata polisi asubuhi. Saa sita kasoro alikuwa ndani. Daktari alitoka baadaye akaniambia misuli imebadilika rangi lakini ilipofunguliwa ilirudi kuwa nyekundu, na ikibanwa na koleo inashtuka, maana yake iko hai. Isipokuwa kipande kidogo upande wa nje, hicho wamekitoa.

Siku ya pili niliuona mguu nikakaa chini. Wamechana pande mbili, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo, na wameacha wazi, vyuma vimechomoza nje kushika mfupa. Nikauliza kwa nini hawajashona. Daktari akaniambia wakishona leo watakuwa wamerudisha kilekile. Hilo nililielewa haraka kuliko jamaa zangu wote: suruali ikibana huifumui ukashona palepale. Walirudi naye ndani mara mbili tena. Upande mmoja ulifunga wenyewe kwa mshono, upande wa pili haukufika, wakachukua ngozi nyembamba pajani wakatia kiraka. Kiraka kizuri. Nimekikagua.

Baba mkubwa alikuja wodini wiki ya pili na mzee wa kuunga mifupa. Mzee aliutazama mguu muda mrefu, akaniuliza matambara yanatakiwa kulegea kiasi gani. Nikamwonyesha vidole viwili. Akajaribu kwenye mkono wake mwenyewe, akafungua, akafunga tena.

Vyuma vilitolewa Aprili. Wayo bado mvivu kunyanyuka akichoka, anaburuta kandambili, lakini anatembea, na pikipiki kauza. Juzi alikuja kibandani anataka suruali ya Idi. Nikampima: shavu la kulia 34 na nusu, la kushoto 32. Akaniambia nikate miguu yote sawa, asije akaonekana. Nimekata sawa, ila ule wa kushoto nimeutia bitana laini pale kwenye kiraka, kwa sababu anasema kitambaa kinamwasha.