Intaneti inayokatika na kurudi yenyewe: kagua njia kabla ya kuilaumu ruta

Intaneti iliyokufa kabisa ni rahisi kuitibu. Inayosumbua ni ile inayokatika dakika tatu, ikarudi, ikakaa vizuri hadi jioni, kisha ikagoma tena katikati ya mkutano. Wengi huzima ruta na kuiwasha. Ikirudi, ruta inabeba lawama, kumbe kuzima na kuwasha kumeilazimisha kompyuta ichague njia upya na ushahidi wote umefutika. Kwa hiyo usiguse kitu tatizo likiwa linaendelea.

Kwenye Windows fungua madirisha mawili ya amri, kila moja na ping yake (amri inayotuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu). Ya kwanza inaigonga ruta, ya pili seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti:

ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8

Ya kwanza weka anwani ya getwei yako, yaani ruta ambayo kompyuta hutokea, ipconfig itakuonyesha. Getwei isipojibu, tatizo liko kati yako na ruta. Zote mbili zikijibu lakini kurasa hazifunguki, angalia DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) kwa nslookup. Ila getwei ikijibu chini ya milisekunde 5 huku 8.8.8.8 ikinyamaza, usikimbilie kuwapigia watoa huduma. Huenda pakiti zako, yaani vipande vya data, hazipiti kwenye getwei hiyo hata kidogo. Iulize kompyuta yenyewe kwa PowerShell:

Find-NetRoute -RemoteIPAddress 8.8.8.8

Tazama InterfaceAlias na NextHop: ndiyo adapta (kebo, Wi-Fi au simu) na getwei inayotumika sasa hivi. Kisha andika route print -4 na uhesabu mistari inayoanza na 0.0.0.0, yaani njia za kwenda popote. Mstari mmoja, una mlango mmoja wa kutokea. Ikiwa miwili, kompyuta inachagua, na hapo ndipo vurugu nyingi huanzia.

Kati ya milango hiyo, wenye metriki (namba ya kipaumbele) ndogo ndio unaoshinda. Usipoipanga wewe, Windows huikokotoa kwa kasi ya adapta. Kebo ya Gbps 1 hupewa 25, ya Mbps 100 hupewa 35. Wi-Fi kwenye Windows 10 ina mizani yake: kuanzia Mbps 500 hadi chini ya Gbps 2 ni 30, kati ya 200 na 500 ni 35, kati ya 150 na 200 ni 40.

Sasa chukua kebo ambayo kichwa chake kimebanwa vibaya. Gbps 1 inahitaji jozi zote nne za nyaya. Mbps 100 inatosheka na mbili. Ikilegea jozi ambayo Mbps 100 haiihitaji, kebo mara nyingi haifi, inashuka tu hadi Mbps 100, na metriki inapanda kutoka 25 hadi 35. Wi-Fi iliyo karibu na ruta, yenye Mbps 866, ina 30. Inashinda, ingawa kebo imechomekwa na taa inawaka. Ukihamia meza ya pembeni, au mlango ukifungwa, Wi-Fi inashuka hadi Mbps 180, metriki inakuwa 40, na kebo inachukua tena. Hakuna kilichoharibika ghafla. Namba mbili zinapishana tu.

Kama njia zote mbili zinaishia kwenye ruta moja, utaona wepesi na uzito wa kubadilika-badilika, basi. Balaa huja zikiwa za watoa huduma wawili, kwa mfano faiba ya ofisini na simu iliyochomekwa kwa USB. Simu za Android zinazoshea intaneti kwa USB mara nyingi hujitambulisha kwa Windows kama adapta ya kebo yenye Mbps 400 na kitu. Inapata 25 na kuipiga faiba yako iliyokwama kwenye Mbps 100. Mtu amechomeka simu ichaji tu, kushea kulikuwa kumewashwa tangu jana, na bando linaisha huku faiba ipo mezani. Bando likiisha, njia ya simu bado inaonekana nzima, kwa sababu metriki hutazama kasi ya adapta. Haitazami kama ng'ambo ya pili kuna intaneti.

Kuna jambo linalowachanganya hata mafundi: muunganisho uliokwisha kufunguka hubaki kwenye adapta uliyoanzia, mipya ndiyo inayokwenda njia mpya. Ndiyo maana simu ya video inaendelea vizuri huku tovuti zote zikigoma. Pia ndiyo maana tovuti ya benki inakutoa nje kila mara, kwani inakuona ukija kutoka anwani mbili.

Ili kulinasa, acha hii ikimbie siku nzima:

while ($true) { $r = Find-NetRoute -RemoteIPAddress 8.8.8.8 | Select-Object -Last 1; "$(Get-Date -Format s) $($r.InterfaceAlias) $($r.NextHop)" | Out-File njia.txt -Append; Start-Sleep 5 }

Intaneti ikigoma, andika saa, kisha linganisha na njia.txt. Jina la adapta likibadilika dakika ileile, umempata. Panga metriki kwa mkono, ukiwa na PowerShell ya msimamizi:

Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Ethernet" -InterfaceMetric 10
Set-NetIPInterface -InterfaceAlias "Wi-Fi" -InterfaceMetric 60

Sikutaja AddressFamily makusudi, ili aina zote mbili za anwani, IPv4 na IPv6, zipangwe. Ukiipanga moja tu, nyingine itaendelea na vurugu zake. Kurudisha hali ya mwanzo, weka -AutomaticMetric Enabled. Halafu badilisha ile kebo, na uhakikishe kwa Get-NetAdapter kwamba LinkSpeed imerudi Gbps 1.

Linux yenye NetworkManager (programu inayosimamia mitandao) ina utulivu zaidi: metriki ya kebo ni 100, Wi-Fi 600, bila kujali kasi. Lakini ukaguzi wa intaneti ukiwa umewashwa na adapta ikashindwa kuufaulu, huongezewa 20000. Ukiona 20100 kwenye ip route, kebo imeshushwa daraja kwa sababu hiyo. Amri ip -ts monitor route huandika kila badiliko na saa yake. Natamani Windows ingekuwa na kitu kama hicho.

Kuna wakati mlango ni mmoja ila wenye mlango ni wawili. Ruta ya zamani imewekwa chumba cha nyuma isambaze Wi-Fi, nayo bado inajiita 192.168.1.1 na bado inagawa anwani. Fanya arp -a mtandao ukiwa mzima, fanya tena ukiwa mgonjwa. Anwani ya MAC (namba ya kifaa chenyewe) ya getwei ikitofautiana, ruta mbili zinagombania jina. Kompyuta inayojiunga upya hupokea anwani kutoka kwa itakayojibu kwanza, na wakati wa kuhuisha humrudia yuleyule, kwa hiyo laptopu moja inaumwa na ya jirani haina neno. Ipe ruta ya zamani 192.168.1.2, izimie DHCP (kazi ya kugawa anwani), na kebo ya kutoka ruta kuu iingie kwenye tundu la LAN, siyo la WAN. Hakikisha pia .2 haimo kwenye anwani ambazo ruta kuu inazigawa.

Tatizo likitokea VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) ikiwa imewashwa tu, acha metriki. Kinachotangulia ni ufinyu wa njia: 192.168.1.0/24, yaani anwani zinazoanza na 192.168.1 tu, huishinda 0.0.0.0/0, yaani popote, hata kama metriki yake ni kubwa. Nyumbani na ofisini mkitumia 192.168.1.0/24, printa ya ofisini itatafutwa sebuleni. Hamisha mtandao wa nyumbani uende kwenye namba isiyo ya kawaida, tuseme 192.168.87.0/24. Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makontena) nayo hukalia 172.17.0.0/16 na huendelea na 172.18 kila unapounda mtandao mpya. Ofisi yenye seva kwenye 172.18 itatoweka siku hiyohiyo. Chungulia pia sehemu ya Persistent Routes chini ya route print. Njia iliyowekwa kwa route -p add hubaki hata baada ya kuwasha upya, na route delete ndiyo huiondoa.

Mwisho kuna kasoro inayofanana na kukatika: kurasa nyepesi zinafunguka, nzito zinaning'inia. Jaribu ping -f -l 1472 8.8.8.8, kisha 1464. Kwenye PPPoE (aina ya muunganisho wa mtoa huduma) yenye MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, wa baiti 1492, ya pili hupita na ya kwanza inapaswa kurudisha ujumbe kwamba pakiti inahitaji kugawanywa. Badala ya ujumbe ukipata kimya, kuna kifaa njiani kinachomeza taarifa hiyo. Shusha MTU mwenyewe, ukiwa msimamizi:

netsh interface ipv4 set subinterface "Ethernet" mtu=1492 store=persistent