Dereva

Jumamosi ya tarehe 10 Juni 2017 nilikuwa namsuka mama mmoja rasta ndogondogo katika saluni ya Msenegali, Broad Street, mjini Richmond, Virginia. Anayezijua rasta ndogondogo anajua: saa saba umesimama, vidole vinakufa ganzi, na masikio hayana pa kwenda. Tarehe naikumbuka kwa sababu ya televisheni. Jumatatu iliyofuata ilikuwa inatimia miaka 50 tangu Mahakama ya Juu ya Marekani ifute sheria zilizokataza weusi na weupe kuoana, na kesi yenyewe ilitokea hapohapo Virginia, basi kila mara wanaturudishia picha ileile ya Richard na Mildred Loving, mume Mzungu, mke mweusi, mkono wa mume uko begani kwa mkewe.

Mama niliyekuwa namsuka, Mmarekani mweusi wa miaka sitini na kitu, alizaliwa Caroline, kaunti ya akina Loving. Akawa anasimulia bila kugeuza kichwa, maana kichwa nilikuwa nimekishika mimi. Walikwenda kufunga ndoa Washington mwaka 1958, wakarudi kwao. Wiki chache tu, sherifu kawaingilia usiku hadi chumbani. Cheti cha ndoa kimetundikwa ukutani, akawaambia hapa hakina kazi. Hakimu akawapa mwaka mmoja jela, halafu akasema hamtafungwa mkiondoka Virginia kwa miaka 25. Alisimulia kama mtu anayetoa habari za jirani, na kwake walikuwa majirani kweli.

"Na Alabama," akaongeza, "marufuku hiyo waliiacha kwenye katiba yao mpaka kura ya mwaka 2000."

Msenegali akaguna. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema neno ambalo ndilo lililowasha moto siku ile: "Lakini angalieni. Pale Mzungu ndiye aliyemfuata wa kwetu. Leo wa kwetu ndio wanaowafuata wa kwao."

Saluni nzima ikalipuka. Msichana aliyekuwa anasubiri zamu, mwanafunzi wa chuo, akatoa simu akatusomea ripoti ya Pew, taasisi ya utafiti ya Marekani, iliyotoka mwezi uliotangulia: katika weusi waliofunga ndoa mwaka 2015, wanaume 24% walikuwa wamechukua mtu wa rangi au asili nyingine, wanawake 12%. "Mara mbili!" akasema, kama aliyeshinda kesi. Yakaanza. Huyu shemeji yake, yule binamu yake, wachezaji wa mpira, wanamuziki. Akikosa hela anakula kwako, akizipata anahamia kwa nywele laini. Mama mwenyewe alikuwa na kijana wake wa pekee, kaoa Mzungu, na harusini hakwenda. Maneno yake kwa Kiswahili changu yalikuwa hivi: nimelima mimi, nimepalilia mimi, siku ya kuvuna kapu limekwenda kwa jirani.

Na mimi, huku natenga mistari kwa kitana, naitikia: kweli kabisa, mama. Kweli tupu.

Tena nikachangia. Nikawasimulia kaka yangu wa Ohio, aliyeoa Mzungu, jinsi shangazi zetu Tanga walivyoshona sare za kitenge na mama yangu alivyopiga vigelegele kwenye simu mpaka mtandao ukakatika. Walicheka sana. Nusu ya pili ya hadithi nikaibana. Mama yangu huyohuyo, aliposikia na mimi nina Mzungu, alikaa kimya hadi nikadhani simu imekatika, halafu akauliza taratibu, "Kwani wa kwetu wameisha, mwanangu?" Kwetu kijana akishikana mkono na Mzungu barabarani, ameula, mjanja huyo. Binti akishikana na Mzungu, watu wanaanza kukisia bei. Na Watanzania wenzangu wa hapa Marekani nao wana wimbo wao, kwamba dada fulani anatafuta makaratasi. Mimi makaratasi nilikuja nayo, nilishinda bahati nasibu ya viza. Lakini nani utamsimamisha umweleze?

Basi huyo Mzungu wangu, fundi umeme, mzaliwa wa Virginia hiihii, nilikuwa naye kwa miezi minane. Kila Jumamosi alikuja kunichukua kazini, na kila Jumamosi nilimwambia asubiri kituo cha mafuta, kona ya pili, kwa sababu mbele ya saluni hakuna pa kuegesha. Palikuwepo. Pa magari manne.

Siku ile, kama saa kumi na mbili jioni, kengele ya mlango ikalia. Namwona kwenye kioo kabla sijageuka. Amelowa mabegani, mkononi ameshika bakuli langu la chakula, lile la mfuniko wa bluu nililolisahau asubuhi.

Saluni ikanyamaza. Mwenye saluni akamuuliza amsaidie nini. Yeye hakumjibu, akanitazama mimi.

"Ni dereva," nikasema. "Wa Uber."

Sikupanga. Lilitoka tu, kwa Kiingereza safi, kwa sauti ya juu kuliko haja. Akabaki amesimama sekunde mbili au tatu. Kisha akasema, "Samahani, nimewahi. Nitasubiri garini." Akaliweka bakuli juu ya meza, katikati ya makopo ya mafuta ya nywele, akatoka. Yule mwanafunzi akalitazama bakuli, akanitazama mimi. Dereva gani anamletea abiria wali?

Mama hakusema kitu. Macho yetu yalikutana kwenye kioo mara moja, nikainama kuchovya ncha za rasta kwenye maji ya moto, nikajiunguza kidole cha shahada. Aliponilipa aliniachia bakshishi ya dola 40, nyingi kuliko siku zote, na hilo likaniuma kuliko kidole.

Saluni ile mbele ni vioo vitupu. Nilipotoka nilijua wananitazama, kwa hiyo nilipofika kwenye gari mkono wangu wenyewe ukashika mlango wa nyuma. Nikaingia, nikafunga mkanda. Akaondoa gari. Kwenye taa za kwanza akauliza bila kugeuka, "Unakwenda wapi, dada?" Nikacheka. Nilicheka peke yangu. Taa zile zilikaa nyekundu muda mrefu, ningeweza kabisa kushuka nikahamia mbele. Sikuhama. Tulifika nyumbani hivyohivyo, mimi na bakuli langu mapajani, kama abiria aliyelipa.

Mwaka uliofuata tuliachana, kwa mambo mengine, ingawa kiti cha nyuma nacho alikitaja.

Lakini kabla ya hapo, mwezi Agosti, yule mama alirudi. Safari hii hakuja kusukwa yeye. Alimshika mkono mtoto wa kike wa miaka kama mitano, wa rangi ya maji ya kunde, nywele zimebanwa kwa mpira mmoja na kisogoni zimeshikana mpaka zimekuwa kama sufi. "Mjukuu wangu," akasema. "Mama yake anajitahidi, hajui tu. Na mimi vidole vyangu vina baridi yabisi." Nilimkalisha mtoto kwenye mto juu ya kiti, nikamwagia mafuta, nikaanza kufumua kidogo kidogo kutoka nchani ili asilie. Bibi yake akavuta kiti akakaa karibu, anatazama kila ninachofanya.

Baadaye sana, bila kuinua macho, akaniuliza, "Dereva wako hajambo?"

"Hajambo, mama."

"Mwambie basi aingie ndani. Nje kuna joto."

Nikasema nitamwambia. Saa hiyo alikuwa kituo cha mafuta, kona ya pili, nilikomwambia asubiri.