Robo kilo ya kahawa ya kwetu

Nimekulia Kilema, Kilimanjaro, kwenye kihamba, shamba la nyumbani la migomba na mibuni, na mpaka navuka miaka ishirini na tano nilikuwa nakunywa kahawa ya kopo. Ile ya kukoroga, sukari vijiko vitatu. Kwetu kahawa haikuwa kinywaji, ilikuwa ada ya shule. Tulichuma, tukamenya kwa mashine ya mkono, tukailoweka mpaka utelezi ukaisha, tukaosha, tukaianika kwenye vichanja. Wingu likitanda, wote mbio kufunika. Ikikauka inakwenda chama cha msingi cha ushirika, hadithi imeisha. Ladha yake waliijua watu wa mbali.

Sasa niko Tabata, Dar es Salaam, na nimeshakuwa mgonjwa wa kahawa. Mke wangu ananicheka nikitoa mizani.

Pakiti ya kwanza niliichagua kwa sababu ya herufi AA zilizoandikwa kwa rangi ya dhahabu. Mtoto wa mkulima mzima, nikasahau kwamba AA ni ukubwa wa punje tu, zile kubwa zinazobaki juu ya chekeche. Haikwambii ilikaangwa lini. Nilipoimwagia maji ya moto, kimya, hata povu hakuna. Kahawa iliyokaangwa karibuni huwa na hewa ndani ya punje, ikikutana na maji ya moto inafura. Ikishakaa miezi dukani hewa imetoka, na harufu imeondoka nayo. Siku hizi nageuza pakiti kwanza nitafute tarehe ya kukaangwa. Haipo? Nairudisha kwenye rafu.

Halafu nikasagia kwenye blenda. Msifanye. Nusu ilikuwa vumbi, nusu mapande, kwa hiyo kikombe kimoja kilikuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja. Nikanunua kisagio cha mkono, nasaga asubuhi ile ile, chenga kama za chumvi ya mawe iliyotwangwa.

Hata hivyo bado kulikuwa na kitu. Nimehangaika wiki nzima kabla sijagundua ni maji! Hapa Tabata tunatumia ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Kwenye maharage huisikii, kwenye kahawa inakaa mbele kabisa. Nikahamia maji ya kununua.

Natumia chombo kile cha kioo chenye chujio la kusukuma. Gramu 15, maji mililita 250. Yakichemka nasubiri kama nusu dakika, namwaga kidogo tu ya kulowesha, natazama kahawa ikiumuka kama unga wa maandazi. Ndipo najaza, nafunika, dakika nne, nasukuma taratibu. Ikiwa kali kama ndimu, kesho nasaga laini zaidi. Ikikwangua ulimi kwa uchungu, nasaga nene. (Kahawa ya kijiweni pale Kariakoo, na kashata yake, siisemi vibaya. Ile ni kinywaji kingine na nakipenda vilevile.)

Mwezi uliopita Baba alikuja kwa ajili ya kliniki ya macho. Nikampikia kwa madaha yote, nikamwekea mezani bila sukari.

"Baba, karibu. Hii ni ya kwetu kabisa."

Akanywa funda moja. Akakiweka kikombe chini.

"Mbona ina ukakasi? Haijaiva?"

Nikaanza kueleza habari ya kahawa kuwa na ukali kama wa matunda. Hakunisikiliza. Alishavuta pakiti, akamimina punje kiasi kwenye sahani, akawa anazisukuma kwa kidole kimoja, moja moja, na macho yake yale mabovu. Akatoa moja yenye kitundu kidogo cha mdudu, akaiweka pembeni. Akatoa nyingine iliyomeguka.

"Wamechagua vizuri," akasema. "Hizi mbili tu. Umenunua bei gani?"

Nikamtajia nusu ya bei. Akaangalia pakiti tena, uzito ulioandikwa chini.

"Robo?"

"Robo, Baba."

Akazirudisha punje ndani, zote, na zile mbili.